Kabla hujauza kitanda cha bibi, nisikilize kwanza

Juzi dada mmoja wa Tanga kaniandikia inbox, bibi yao kafariki kaacha kitanda cha samadari, kile cha kizamani cha nguzo nne, na kasha la njumu, sanduku la mbao lenye mapambo ya shaba, kuna mnunuzi kaja na pesa mkononi na ndugu wanataka kuuza haraka wagawane, sasa mimi nashauri nini. Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja nikashindwa, maana wiki mbili nyuma nilikuwa Unguja na nilichokiona kule bado kimenikaa rohoni.

Kazini walitupangia hoteli ya Mji Mkongwe, moja ya zile nyumba kubwa za zamani. Nafungua mlango wa chumba nikabaki nimesimama na begi mkononi. Samadari yenyewe! Nguzo nne za kuchongwa, besera juu kama paa la kitanda, na upande wa kichwani vipande vya vioo vilivyochorwa maua mekundu kwa nyuma, jua la jioni likipita dirishani vinawaka. Kitanda kirefu mpaka kimewekewa kibao cha kupandia. Vyumba vya kule ni vyembamba, boriti za mikoko zinazobeba dari huwa kama mita tatu hivi basi, kwa hiyo kitanda kilikuwa kimekamata nusu ya chumba. Chini ya madaka, vile vishubaka vya ukutani, kasha limepigwa misumari ya shaba. Nikalifunua, ndani pembeni kuna kile kisanduku kidogo chenye kifuniko chake, nikasogeza kibao cha chini na droo ya siri ikatoka. Sikufundishwa na mtu wa hoteli. Mkono wenyewe ulikumbuka, bibi alikuwa anatufichia peremende humo.

Niseme ukweli wangu sasa. Mwaka 2011 bibi yetu alipofariki pale Malindi ya Unguja, mimi ndiye niliyesimamia kuuza. Nilikuwa nimeanza kazi Dar, nataka sofa, nataka kitanda cha futi tano kwa sita kama wenzangu, nikiona vile vitu vya bibi naona uzee tu. Mnunuzi akaja, akagonga gonga mbao, akatikisa kichwa, akasema imechoka hii, dumuzi washaingia, nawasaidieni tu. Laki mbili na nusu, kitanda na kasha pamoja. Vijana wake wakafungua zile bolti kubwa, haikufika saa moja kitanda kikawa rundo la mbao mlangoni. Mjomba alikuwa kwenye baraza hakusema neno, mpaka gari lilipoondoka ndio akasema, "Mimi nimezaliwa juu ya kitanda kile." Akavaa kofia yake akaenda msikitini.

Basi pale hotelini nikapiga magoti nikawasha tochi ya simu nikakagua miguu yote minne. Cha bibi kilikuwa na alama nyeusi mguu wa kushoto, chetezo kiliwahi kusogea usiku wakati anafukiza udi kikaunguza mbao, alama kama sarafu. Cha hoteli hakina. Nikalala juu yake usiku ule lakini usingizi wenyewe haukuja.

Tangu siku ile nimewauliza sana mafundi, kwa hiyo dada na wengine wenye vitu kama hivi shikeni haya. Toa droo, igeuze chini juu, pitisha vidole. Mbao iliyopigwa randa kwa mkono ina mabonde madogo madogo, ya mashine iko laini sawasawa. Angalia skrubu, zile za kichwa cha msalaba zilianza kuuzwa miaka ya 1930, ukizikuta ujue kitu kimetengenezwa baada ya hapo au kimeshafanyiwa ukarabati. Nyanyua. Mbao za msaji na shishamu zilizokuja na majahazi kutoka India ni nzito, mtu mmoja hahamishi kasha peke yake. Na habari ya dumuzi msitishwe nayo, matundu ya zamani si kitu, cha kuogopa ni unga mpya unaodondoka chini, huo ndio unaonyesha mdudu bado yumo. Yule mnunuzi alituonyesha matundu tu, unga haukuwepo, na mimi sikujua hata kuuliza.

Msipige msasa wala vanishi nzito, futa vumbi, paka nta ya nyuki kidogo kwa kitambaa, na usikiweke chini ya AC, mbao inakauka inapasuka.

Jamani, tunavitupa vitu hivi halafu tunalipia usiku kwenda kuvilalia na kupiga navyo picha! Wageni wanajua thamani yake, wenye hoteli wanajua, anayekuja na pesa mkononi anajua kuliko wote, sisi wenye vitu ndio hatujui. Ulizeni wazee wakiwa hai. Nani alikileta, alipewa harusi ya nani, nani amezaliwa juu yake. Mjomba angenijibu yote ningemuuliza, sasa hivi hata mjomba hayupo.

Dada wa Tanga nimemwambia mnunuzi asubiri, kwanza anitumie picha ya vioo, ya droo kwa chini na ya miguu yote minne. Jana usiku katuma. Ya mguu wa kushoto nimeivuta kwenye simu nikaikuza mara tatu, mbao safi kabisa, ina nakshi ya majani. Nikamjibu kwamba ni kizuri mno, akae na mama zake wamuhadithie kimefikaje pale.