Michoro ya watoto inayoota ukungu na kubanduka ukutani

Dada uliyeuliza kuhusu michoro ya wanao uliyoibandika ukutani kwa selotepu: kwa nyumba ya Tanga unyevu ndio adui wako mkubwa, na selotepu inausaidia. Gundi yake hulainika kwa joto, hugeuka ya njano, kisha huchuna rangi ya ukuta na karatasi pamoja. Ibandue. Piga misumari miwili, funga kamba ya mita 2, ning'iniza michoro kwa vibanio vya nguo. A4 saba zilizosimama zinatosha, na mtoto mwenyewe atabadilisha. Chagua ukuta usiopigwa na jua, maana wino wa kalamu za rangi hupauka haraka.

Za kuhifadhi, zikauke kabisa kwanza. Rangi ya maji iliyopakwa nene ipe siku nzima. Krayoni ni nta: ukizibananisha kwenye joto, rangi huhamia karatasi ya jirani, kwa hiyo weka karatasi nyeupe katikati ya kila mbili. Kwa sababu hiyohiyo usizipeleke kwenye laminesheni, mashine itaiyeyusha. Nyuma andika jina, darasa na tarehe kwa penseli laini, si peni.

Laza zote bapa kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, juu ya kabati, si sakafuni. Tupia vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, ila navyo hushiba, vibadilishe.

Vilivyobandikwa maharage, makaroni au gundi ya unga? Piga picha, utupe. Vitavuta fukusi na mende, na mende hawatakuachia hata hiyo michoro mingine.