Dawa ya kifafa na mimba: mdogo wako asiache, awahi tu kwa daktari

Dada uliyeuliza kuhusu mdogo wako, mimba ya miezi mitatu, anameza lamotrijini, dawa ya kifafa, na nyumbani wanamwambia aache eti dawa zinaua ini, nakuomba sana asiache. Mi mwenyewe nna kifafa, niko hapa Mtwara mjini, na mtoto wangu sa hivi yuko chekechea.

Nlikaa karibu miaka miwili sijaanguka, miligramu 100 asubuhi, 100 usiku. Mimba ilipofika mwezi wa nne, ilikuwa msimu wa korosho, nikaanguka jikoni, bahati wifi yangu alikuwepo akanivuta mbali na jiko la mkaa, na wiki ileile nikaanguka tena. Mama mkwe akasema mashetani. Kituo cha kwanza tulichoenda wakaandika kifafa cha mimba, ule ugonjwa mwingine wa degedege unaokuja na presha ya ujauzito, wakati presha iko sawa, mkojo hauna protini, na kifafa cha mimba kwa kawaida huja baada ya wiki 20, mi nlikuwa ya 17! Kuna nesi akaniuliza kama naruka dozi, iliniuma mno maana nlikuwa nameza kwa saa.

Daktari aliyekuja kunielewesha alisema ini langu zima kabisa, tena linachapa kazi kuliko zamani. Lamotrijini inaondolewa na ini, linaiunganisha na kitu cha jamii ya sukari ili iyeyuke vizuri kwenye maji halafu figo ziitoe kwa mkojo, sasa estrojeni, homoni ya kike inayopanda wakati wa mimba, inalisukuma ini liifanye kazi hiyo haraka zaidi, yaani unameza kidonge kilekile ila kwenye damu kinabaki kidogo. Si dawa zote ziko hivyo, hata kahawa ni kinyume, kwa mjamzito inachelewa kutoka. Akanipandishia taratibu mpaka 400 kwa siku nikatulia.

Ila pa kushika sana ni baada ya kujifungua. Estrojeni inashuka ghafla, ini linarudi mwendo wake wa zamani ndani ya wiki chache, dozi ile ya mimba inageuka kuwa nyingi. Mi siku ya nane naona vitu viwiliviwili, nayumba, na mtoto nimembeba mkononi! Kumbe nlitakiwa niwe nshaanza kupunguziwa. Muulizeni daktari ratiba ya kushusha mapema, iandikwe kwenye kadi ya kliniki.

Na baadae akitaka uzazi wa mpango aseme anameza nini, vidonge vya majira vyenye estrojeni vinaweza kuishusha lamotrijini kama nusu, halafu ile wiki ya vidonge vya kahawia vya madini ya chuma inapanda tena. Mi niliwekewa kitanzi cha shaba, hakina homoni.

Aende wiki hii na pakiti zake za dawa mkononi, asisubiri mpaka aanguke.