Tangi la maji kwenye tela: tujaze full, nusu au tuende nalo tupu?

SWALI: Asalaam alaykum fundi. Mimi na mume wangu tuna tela la biashara, tunauza urojo na juisi ya ukwaju, tunalivuta kwa Noah. Sikukuu ya Mwaka Kogwa tunataka kwenda Makunduchi. Ndani mna tangi la plastiki la lita 250, aliyelichomea tela kaliweka nyuma kabisa chini ya sinki. Mume wangu anasema tujaze full hapa mjini maana visima vya kule vina chumvi, shemegi yangu dereva wa daladala anasema nusu inatosha ili gari isilemewe. Nani yuko sawa? – Mama Urojo, Mwanakwerekwe

JIBU: Waalaykum salaam bibie. Wote wawili wamekosea ila shemegi yako kazidi, na usimwambie kama mimi ndo nimesema.

Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivo tangi likijaa ni kilo 250, sawa na mifuko 5 ya saruji. Angalia ubavuni mwa tairi, baada ya saizi kuna namba, ikiwa 80 basi tairi moja mwisho wake kilo 450, mbili ni 900, sasa piga hesabu ya tela lenyewe, jiko, mtungi wa gesi, magunia ya viazi na hayo maji. Ikipita hapo usibishane na tairi.

Lakini nusu ndo balaa. Maji yakijaa mpaka juu hayana pa kwenda, yanakaa kama jiwe, yakiwa nusu yanatembea. Muulize mvuvi chombo chenye maji kwenye ngama, yaani chini tumboni mwake, kinavoyumba. Mimi nishafanya ujinga huo, nilivuta tela na pipa nusu kupita msitu wa Jozani, pale kwenye matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, nikakanyaga breki gari ikapunguza vizuri tu, nnashusha pumzi mara nasikia gubu! maji yote yamekuja mbele yamenisukuma, tuta nikalipanda bila kutaka na kima wananitizama. Tangi za malori ya mafuta zimetiwa kuta zenye matundu ndani kwa sababu hiyohiyo, lako halina.

Haya, mumeo. La chumvi kweli, sabuni haitoki povu. Ila tangi lenu liko nyuma ya ekseli, kilo 250 mkiani zinaunyanyua mkono wa tela, lile chuma la mbele linaloshikana na gari, na mkono ukiwa mwepesi tela linaanza kupiga mkia, kushoto kulia kushoto kulia, ukiongeza spidi ndo linazidi. Mkono unatakiwa uielemee gari kwa asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote, yaani tela la kilo 800 liegemee kilo 80 mpaka 120. Kama hamna mizani, lipakieni kila kitu na maji yake uwanja tambarare, tieni matofali kwenye tairi na chini ya mkia lisije likabinuka, kisha lichomoeni kwenye gari mtu mmoja aunyanyue mkono. Akiunyanyua huku anaongea na simu, msitoke.

Safari hii nendeni na tangi tupu, maji tieni kwenye madumu ya lita 20, kumi yanatosha, yajaze mpaka shingoni, yapange sakafuni mbele kidogo ya ekseli na kamba juu yake. Mkirudi fundi alihamishie tangi juu ya ekseli, hapo mumeo ajaze full anavotaka, baada ya kuliosha kwanza maana najua ndani mna utelezi.

Na kuondoka Makunduchi usiku usiseme maji yaliyobaki yatafaa kesho, fungua koki au wape wenyeji wako, wao maji yasiyo chumvi watayafurahia kuliko hata urojo.