Re: Kutembea peku na kulala uchi ni kukosa adabu?
Umeuliza kama kupenda kukaa peku na kulala bila nguo ni utovu wa adabu. Kwangu hapana. Nikiingia ndani tu navua viatu. Nyayo zikigusa sakafu ya baridi, vidole vinajitanua vyenyewe, hata mabega yanalegea. Mguu mmoja una mifupa 26, wa nini kuufungia kutwa nzima? Ila penye udongo wenye unyevu uliochanganyika na kinyesi, vaa ndala: viluwiluwi vya minyoo ya safura hupenya ngozi ya unyayo. Kuhusu uchi, chumbani kwako mlango umefungwa, nani anadhurika? Sebuleni kama mnaishi wengi, waulize wenzako kwanza. Wengine hawajali kabisa, wengine watahama.