Maswali ya Wasomaji: Ni lini bunduki ziligawanya vyama vya Marekani?

SWALI: Mheshimiwa mhariri, leo Marekani ukisikia mtu ni Republican unajua anatetea bunduki, ukisikia ni Democrat unajua anataka zidhibitiwe. Je, ndivyo ilivyokuwa tangu zamani? Na chama cha wenye bunduki, NRA, kilipinga sheria siku zote?

JIBU: La, mgawanyiko huo bado mchanga. NRA ilianzishwa 1871 ili kufundisha watu kulenga shabaha. Mwaka 1934, Kongresi ilipojadili sheria ya kudhibiti silaha za majambazi, rais wa NRA wa wakati huo, Karl Frederick, aliwaambia wabunge kwamba haafiki watu kutembea ovyo na bunduki, na kwamba jambo hilo libanwe kwa leseni. Sheria ikapita: kodi ya dola 200 kwa rashasha, kwa bunduki zilizokatwa mitutu na kwa viwambo vya sauti. Bastola, zilizokuwamo katika muswada wa awali, zikaondolewa. Pengo hilo halijazibwa hadi leo, ilhali bastola ndiyo silaha inayotumika zaidi katika mauaji ya bunduki nchini humo.

Sasa tazama California, 1967. Wanachama wa Black Panther, kundi la Wamarekani weusi waliotetea haki zao, walikuwa wakibeba bunduki hadharani, kama sheria ilivyoruhusu, huku wakifuatilia mienendo ya polisi. Mbunge wa Republican, Don Mulford, akaleta muswada wa kupiga marufuku kubeba hadharani bunduki yenye risasi. Mwezi Mei Panthers wakaingia na silaha zao katika jengo la bunge mjini Sacramento kuupinga, na muswada ukapita haraka. Aliyeutia saini ni gavana Ronald Reagan. Ukitaka kuzielewa siasa hizi, uliza kwanza ni nani anayeonekana ameshika bunduki wakati huo.

Mwaka uliofuata, baada ya kuuawa Martin Luther King na Robert Kennedy, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyokataza kuuza bunduki kwa njia ya posta kati ya jimbo na jimbo. Bunduki iliyomuua John Kennedy mwaka 1963 ilikuwa imenunuliwa kwa posta.

Mgeuko wenyewe ulikuja Mei 1977 mjini Cincinnati. Katika mkutano mkuu wa NRA, wanachama waliwang'oa viongozi wao na kumweka Harlon Carter, na kuanzia hapo kupinga sheria kukawa ndiyo kazi kuu ya chama. Mwaka 1980 kikamuunga mkono mgombea urais kwa mara ya kwanza: Reagan yuleyule. Hata yeye hakusimama mahali pamoja, kwani mwaka 1991, akiwa ameshaondoka madarakani, aliunga mkono hadharani muswada wa Brady wa kuwachunguza wanunuzi.

SWALI: Kwa nini marufuku ya mwaka 1994 dhidi ya bunduki za kivita haikudumu?

JIBU: Iliandikwa na tarehe ya kufa: miaka kumi, ikaisha Septemba 2004. Kasoro nyingine ni kwamba ilizitambua bunduki hizo kwa sura. Bunduki ndefu inayojipakia yenyewe, yenye magazini ya kuchomoa, ilikatazwa ikiwa na viungo viwili au zaidi, mathalani mshikio wa bastola na pahali pa kufunga singe. Watengenezaji wakaondoa pahali pa singe na kuendelea kuuza. Magazini za zaidi ya risasi kumi zilizokuwapo kabla ya sheria zikabaki halali.

Kisiasa gharama ilikuwa kubwa. Ilipita Baraza la Wawakilishi kwa kura 216 dhidi ya 214, na Novemba ileile Wademocrat wakalipoteza baraza hilo baada ya miaka 40. Bill Clinton mwenyewe alihusisha kushindwa huko na bunduki. Baada ya Al Gore kushindwa mwaka 2000, wagombea wengi wa chama hicho walikwepa kabisa kuzitaja.

SWALI: Nitajuaje kama mwanasiasa amebadilika kweli?

JIBU: Angalia kura, kisha angalia anawakilisha nani. Kirsten Gillibrand wa Democrat alipowakilisha wilaya ya mashambani ya New York, NRA, ambayo huwapa wanasiasa alama kwa msimamo wao kuhusu bunduki, ilimpa A. Alipoingia Seneti mwaka 2009 kuwakilisha jimbo zima, alama ikashuka hadi F.

Usihesabu wengi tu. Aprili 2013, miezi michache baada ya watu 26 kuuawa katika shule ya Sandy Hook, pendekezo la kupanua uchunguzi wa wanunuzi lilipata katika Seneti kura 54 dhidi ya 46, likafa kwa sababu lilihitaji 60. Juni 2022 sheria nyingine ilipata 65, zikiwamo 15 za Warepublican: mnunuzi wa chini ya miaka 21 sasa huchunguzwa hadi rekodi zake za utotoni.

Na usiisahau Mahakama ya Juu. Siku mbili kabla ya Joe Biden kuitia saini sheria hiyo, mahakama ilibatilisha sharti la New York lililomtaka raia athibitishe haja maalumu kabla ya kupewa kibali cha kubeba bastola.