Re: Wiki ya mtu asiye na bosi

Dada uliyeuliza utapangaje wiki ukiwa umejiajiri: usianze na saa, anza na siku. Mimi nashona nguo hapa Kisenyi, Kampala. Zamani nilipokea oda kila siku bila kuhesabu, basi Ijumaa saa nane usiku niko kwenye cherehani na gauni la bibi harusi halina zipu.

Sasa Jumatatu asubuhi ni sokoni Kikuubo tu: vitambaa, uzi na vifungo vya wiki nzima, kabla msongamano haujapamba moto. Jumanne mpaka Alhamisi adhuhuri nakata na kushona. Alhamisi alasiri naiacha tupu makusudi, maana umeme ukikatika Jumanne lazima pawe na pa kufidia. Ratiba nyingi hufia hapo, zimejazwa mpaka mdomoni. Nisipoihitaji, nalala.

Ijumaa nawapa watu nguo zao. Oda mpya napokea, ila tarehe ya kuchukua naitaja mimi, na mteja anaacha nusu ya pesa. Wapo watakaonuna. Waache wanune.

Jumamosi nusu siku, ya daftari: hesabu ya kazi mbali, ya nyumbani mbali. Halafu akiba. Tangu sheria ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Uganda, irekebishwe mwaka 2022, hata sisi tuliojiajiri tunaweza kuchangia kwa hiari, na mimi naweka kabla sijanunua hata mkaa.

Jumapili simu ya kazi naizima. Watoto wameshazoea, wateja bado.