Usilipe Ijumaa: kwanza itafute kozi yenyewe katika orodha ya Bodi ya Dawa na Sumu

Dada yangu wa Likoni, usilipe. Umeandika kwamba binti yako alipata C- katika KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, kwamba chuo kimoja cha kibinafsi hapo mjini kimempa barua ya kujiunga na diploma ya famasia, na kwamba watakupunguzia karo ukilipa kabla ya Ijumaa. Hapo penye Ijumaa nimepasoma mara tatu huku moyo ukinienda mbio, kwa sababu mimi pia niliambiwa Ijumaa.

Miaka minne iliyopita nilipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu ya jengo moja karibu na Mwembe Tayari, kumwandikisha binti yangu diploma ya famasia. Ukutani, nyuma ya meza ya mapokezi, palitundikwa fremu tatu: kibali cha biashara cha Kaunti ya Mombasa, cheti cha usajili wa kampuni, na cheti cha TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013. Vyote vitatu vilikuwa vya kweli, na hapo ndipo niliponasa, kwani niliona muhuri wa serikali nikadhani umefunika kila kinachofundishwa humo ndani. Cheti kile kilikuwa cha chuo. Kozi zilizoruhusiwa ziliandikwa katika karatasi nyingine ambayo haikutundikwa ukutani, nazo zilikuwa za kompyuta, uhasibu na upishi.

Karo ilikuwa shilingi 48,000 kwa muhula, nami nikalipa mihula saba. Bangili nne za dhahabu alizoniachia marehemu mama yangu zilipimwa mbele ya macho yangu kwa sonara wa Mji wa Kale, moja baada ya nyingine, ili kulipia mwaka wa pili.

Mwanzoni mwa mwaka wa tatu binti yangu alikwenda kuomba atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini, katika hospitali moja, akiwa amevaa koti jeupe nililolipiga pasi mwenyewe alfajiri ile. Mfamasia alimpokea kwa upole, akapitia daftari lake la vipimo vya dawa, akalisifu, kisha akamwomba namba ya usajili wa mwanafunzi katika Bodi ya Dawa na Sumu, ile inayotoa leseni za kazi ya famasia. Hakuwa nayo, wala hakuwahi kusikia kwamba kuna namba kama hiyo. Mfamasia akafungua simu, akamwonyesha orodha ya vyuo ambavyo Bodi imeviidhinisha kufundisha diploma ya famasia, wakaisoma pamoja kutoka juu hadi chini, mara mbili. Chuo chetu hakikuwamo. Aliyesomea nje ya orodha hiyo haruhusiwi kufanya mtihani wa Bodi, na bila mtihani huo haandikishwi wala hapewi leseni, hata awe anaijua kila dawa iliyo kwenye rafu. Tena Bodi ina viwango vyake vya kuingilia, pamoja na alama za masomo kama kemia na biolojia, ambavyo pale ghorofani hakuna aliyetuuliza. Walichokiuliza ni kama tungelipa kwa benki au kwa M-Pesa.

Tuliporudi kulalamika, mkuu wa chuo alisema ombi lao kwa Bodi lilikuwa njiani, kisha akanionyesha maandishi madogo chini ya risiti zangu: karo hairudishwi. Lakini anayenichoma zaidi ni jirani aliyetupeleka. Alifuturu nyumbani kwangu Kisauni Ramadhani ile, akaapa mbele ya watoto wangu kwamba chuo kile kinatambuliwa nchi nzima, na baadaye nikajua kwamba alikuwa akilipwa kwa kila mwanafunzi anayempeleka. Nilipomwendea alijibu kuwa alitaka kutusaidia tu. Ni msaada gani huo wa kumla mtoto wa mwenzio miaka miwili ya ujana wake?

Ujue pia kwa nini watu hawa hawakosi wateja. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, na ada ya masomo ya sekondari za kutwa ikaondolewa mwaka 2008, watoto wetu wanafika kidato cha nne kwa wingi ambao wazazi wetu hawakuuota, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo katika KCSE ya 2024 watahiniwa walipita 960,000, na waliopata C+ au zaidi, ambayo ndiyo alama ya chini ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa takriban 246,000. Waliobaki wanapita laki saba, kila mmoja ana mzazi asiyetaka aibu ya mtoto kukaa nyumbani, na vyuo vya ghorofani vinaishi kwa hofu hiyo.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hata shilingi ya fomu, litafute jina la kozi yenyewe, pamoja na jina la chuo, katika orodha ya wale watakaompa mwanao leseni. Famasia ni Bodi ya Dawa na Sumu. Uuguzi ni Baraza la Wauguzi. Usikubali picha ya cheti iliyotumwa kwa WhatsApp, wala neno la wakala, wala fremu ya ukutani. Pale Kongowea muuza samaki humwacha mteja afunue mashavu ya changu kabla ya kutoa mia tatu, na akimkataza, soko zima humcheka. Nawe unaombwa maelfu kabla ya kufunua karatasi moja.

Binti yangu sasa ana miaka ishirini na tatu. Aliomba upya kupitia KUCCPS, idara ya serikali inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, akapata nafasi ya afya ya jamii katika chuo cha umma, akaanza mwaka wa kwanza, kwa sababu hakuna hata somo moja la kule lililohesabiwa. Lile koti bado limening'inia nyuma ya mlango wa chumba chake.

Niandikie jina la chuo na jina la kozi kama yalivyo katika barua, herufi kwa herufi, nami nitayatafuta usiku huu kabla sijalala. Simu ya yule anayekuhimiza Ijumaa usiipokee kwanza.